Una bodaboda, basi una uwezo: msamaha wa matibabu unavyopatikana na unavyokosekana

Jirani yangu wa Mbagala hukaanga mihogo jioni, hatua chache kutoka kituo cha daladala. Mwanawe wa miaka 7 alianguka kutoka juu ya mwembe, paja likavunjika. Alifanyiwa upasuaji katika hospitali moja ya serikali, akafungwa vyuma, na siku ya kuruhusiwa mama akakabidhiwa bili ya shilingi 640,000. Aliposema hana, akaelekezwa ofisi ya ustawi wa jamii. Nilimsindikiza. Nilikaa kwenye benchi la nje, mlango ulikuwa wazi, na kila neno likanifikia.

"Baba wa mtoto anafanya kazi gani, mama?"

"Anaendesha bodaboda, dada."

"Na wewe mwenyewe?"

"Nauza mihogo."

"Simu kubwa unayo?"

"Ninayo, ila kioo kimepasuka."

"Sasa mama yangu, mbona uwezo mnao."

Hakuulizwa pikipiki ni ya nani. Ni ya mkataba: kila siku baba anapeleka hesabu ya shilingi 10,000 kwa mwenye chombo, kabla hajanunua mafuta, kabla hajaleta unga nyumbani. Siku akilala na homa, hesabu hailali.

Niliporudi kijiweni na habari hiyo, kila mtu alikuwa na sheria yake. Mmoja akasema siku hizi maskini wote wanatibiwa bure kwa sababu ya bima ya afya kwa wote. Wa pili akasema bila kuwa kwenye orodha ya TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, usijisumbue. Wa tatu, mzee wa miaka 60 na ushee, akaapa kwamba kwa umri wake hadaiwi hata senti. Wote watatu walikuwa wameshika kipande cha ukweli, na kipande ndicho kinachowapeleka watu dirisha la malipo wakiwa na matumaini yasiyokuwepo.

Tuanze na maneno, maana vurugu nyingi inaanzia hapo. Tunaposema "msamaha" hospitali, tunachanganya mambo mawili. La kwanza ni msamaha wa kundi. Huu unaupata kwa sababu ya ulivyo: mjamzito, mtoto chini ya miaka 5, mgonjwa wa kifua kikuu, ukoma, UKIMWI na baadhi ya magonjwa ya kudumu. Hapa hakuna anayepaswa kukuuliza unauza nini. La pili ni msamaha wa kutokuwa na uwezo. Huu haujali una ugonjwa gani wala umri gani. Unataka uthibitishe kwamba huna. Mtoto wa jirani yangu alikuwa ameshatoka kwenye mlango wa kwanza tangu alipotimiza miaka 5, kwa hiyo mama yake alisimama kwenye mlango wa pili, ule wenye mabawabu.

Bima ni jambo jingine kabisa. Bima unalipa kabla hujaugua, msamaha unaomba baada ya kuugua. Anayeingia hospitali na kadi ya bima haombi huruma ya mtu, anadai alichokwisha kukilipia. Na ruzuku ya bima ni pale mtu mwingine, kwa kawaida serikali, anapokulipia mchango wa kadi hiyo kwa sababu wewe huwezi. Shika tofauti hizo, tutazirudia.

Mzee wa kijiweni naye nilimwangusha pole pole. Sera inasema wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Maneno matatu ya mwisho ndiyo yanayomezwa kila tangazo linapotolewa. Mzee mwenye nyumba nne za kupangisha Kariakoo na mzee anayeokota chupa za plastiki wana umri mmoja, ila kisera si kundi moja. Kwa hiyo hata uzeeni, ule mlango wa pili unakusubiri.

Msamaha huu ulitoka wapi? Kwa miaka mingi baada ya Uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la 1967, matibabu katika hospitali za serikali yalikuwa bure. Miaka ya 1980 uchumi uliyumba, dawa zikawa hadithi, wagonjwa wakaanza kwenda wodini na shuka zao. Mwaka 1993 serikali ikaanza utaratibu wa kuchangia gharama, kwa awamu, ikianzia hospitali kubwa. Ikaonekana wazi kwamba wapo watakaoshindwa kuchangia, basi sera ya misamaha ikawekwa pembeni yake. Kwa maneno mengine, msamaha ulizaliwa kama kiraka cha uchangiaji, na umebaki na tabia za kiraka.

Sasa twende kwenye swali lenyewe. Asiye na uwezo ni nani?

Wengi wanadhani mahali fulani kuna namba: ukipata chini ya kiasi hiki kwa mwezi unasamehewa, ukizidi unalipa. Tuiwazie namba hiyo kwa kutumia kitu tunachokijua, umeme. Mteja mdogo wa nyumbani anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi anauziwa uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi. Ukizoea kuvuka 75, unatolewa kwenye bei hiyo na kupelekwa kwenye bei ya zaidi ya mara mbili. Wapangaji wa nyumba moja yenye mita moja wanaujua uchungu huu. Vyumba sita, kila kimoja kinatumia uniti 20, kila mmoja peke yake ni mnyonge, lakini mita inawaona wote kama tajiri mmoja. Mstari ni mkali namna hiyo. Hauulizi umeuvuka kwa sababu gani wala kwa kiasi gani.

Nchi zenye mstari wa namna hiyo kwenye matibabu zipo, na wenye ndugu Marekani wamekwisha kusikia vilio vyake. Kule kuna mpango wa serikali wa kuwatibu wenye kipato kidogo, Medicaid, ulioanza 1965. Kwa sheria ya afya ya 2010, mtu mzima alitakiwa kuingizwa ikiwa kipato chake hakizidi asilimia 138 ya kiwango cha umaskini cha taifa. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikasema majimbo yasilazimishwe, na hadi leo yapo majimbo 10 yasiyoukubali upanuzi huo, Texas na Florida yakiwemo. Texas, mtu mzima mwenye afya ya kufanya kazi na asiye na mtoto hapati Medicaid hata kama hana senti mfukoni. Ajabu zaidi, ruzuku ya kununua bima binafsi inaanzia kwa wenye kipato kisichopungua kiwango cha umaskini. Kwa hiyo yupo mtu ambaye ni maskini mno kwa ruzuku, na bado jimbo lake halimhesabu kwenye msaada wa maskini. Kwa walemavu wanaopitia mpango wa posho wa serikali kuu, ukikutwa na akiba ya zaidi ya dola 2,000 unakosa, na kikomo hicho hakijaongezwa tangu 1989. Mtu anaogopa kuweka akiba, asije akapoteza dawa.

Kwetu hali si hiyo. Kwetu hakuna mstari uliobandikwa ukutani pale ofisi ya ustawi. Mstari upo kichwani mwa anayekuhoji. Kuna faida yake: afisa mwenye busara anaweza kuona kile ambacho namba haioni. Kuna hasara pia, kwamba afisa aliyechoka saa nane mchana, amekwisha kusikiliza watu thelathini, anatafuta njia ya mkato. Bodaboda ni njia ya mkato. Simu ni njia ya mkato. Hata kitenge kipya ulichovaa ili usiaibike mbele ya wakubwa, nacho ni njia ya mkato. Nimewahi kumsikia mama mmoja akimshauri mwenzake wodini avue hereni kabla ya kuingia ofisini. Alikuwa anajua mtihani unasahihishwaje.

Tatizo kubwa zaidi, naona mimi, ni kwamba pale mezani yanaulizwa maswali mawili tofauti kana kwamba ni moja. La kwanza: wewe ni maskini? La pili: bili hii unaiweza? Majibu yake yanaweza kupishana mbali sana.

Tuchukue takwimu za serikali yenyewe. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Hiyo ni kama shilingi 1,644 kwa siku, kwa bei za wakati ule: chakula, mavazi, pango, kila kitu. Kwa kipimo hicho asilimia 26.4 ya Watanzania walikuwa maskini. Dar es Salaam walikuwa asilimia 8 tu. Ukiisoma haraka unasema basi, Dar hakuna shida, tisa kati ya kumi wana uwezo.

Lakini familia inayohesabiwa sawa na watu wazima 4 inauvuka mstari huo ikitumia shilingi 197,281 kwa mwezi. Imevuka kwa shilingi 1, si maskini tena. Ipe bili ya 640,000. Hayo ni matumizi yake yote ya zaidi ya miezi mitatu, bila kula, bila kulipa chumba, bila kununua maji ya dumu. Swali la kwanza linajibiwa "si maskini". Swali la pili linajibiwa "hawezi". Afisa anauliza la kwanza, mgonjwa anajibu la pili, na wote wawili wanatoka pale wakiamini mwenzao ni mwongo.

Ongeza na hili: kipato chenyewe hakikai mahali pamoja kipimwe. Mtumishi wa umma anayeanza na kima cha chini, ambacho tangu Julai 2025 ni shilingi 500,000, ana hati ya mshahara, na tayari asilimia 6 ya mshahara inakwenda bima ya afya, nusu yake na nusu ya mwajiri. Huyo hafiki kwa afisa ustawi. Anayefika ni muuza mihogo. Mwezi wa Ramadhani, saa kumi na moja jioni, foleni kwake inafika barabarani; ukimhoji wiki hiyo utaandika kwamba mambo yake mazuri. Masika ya Aprili jiko halikauki maji na mtaa hauna mtu. Atoe hati gani? Anayedai kuwa nacho anaonyesha karatasi, anayedai kukosa anaonyesha nini? Kukosa hakuna risiti.

Ndiyo maana hospitali zinaomba barua ya serikali ya mtaa. Wazo lake ni zuri: wanaokujua ndio wakusemee. Kijijini mwenyekiti anajua nani amevuna na nani amekosa. Hapa Dar mpangaji amehama Buza, amehamia Kivule, miezi sita baadaye yupo Chanika kwa sababu kodi imepanda. Mjumbe hajawahi kumwona. Anaandikiwa barua na mtu asiyemjua, kwenda kwa mtu mwingine asiyemjua, ikithibitisha umaskini ambao hakuna aliyeushuhudia.

Orodha ya TASAF inajaribu kutibu tatizo hilo kwa njia nyingine. Katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ulioanza 2012, mkutano wa jamii unazitaja kaya zinazoonekana hoi, kisha kaya hizo zinajazwa dodoso: nyumba ikoje, mnamiliki nini, wangapi wanategemea wangapi. Majibu yanageuzwa kuwa alama. Halikuulizi tu unapata shilingi ngapi, kwa sababu mtu anaweza kusema chochote; linaangalia vitu vinavyoonekana. Ni ujanja wa haki kabisa, ila mji unauchezea. Kwa jicho lililozoea kijiji, paa la bati, ukuta wa tofali na taa ya umeme ni dalili za nafuu. Dar, maskini wa mwisho naye anaishi chini ya bati, kwenye chumba cha tofali chenye umeme. Si vyake, amevipanga. Pia orodha inaandikwa kwa vipindi, ugonjwa hausubiri kipindi. Aliyekuwa na kazi siku ya dodoso akaachishwa mwezi uliofuata, kwenye orodha hayumo.

Na kuwemo TASAF si sawa na kuwa na kadi ya matibabu. Ni ushahidi mzito mno mbele ya afisa ustawi, kwa sababu kazi ya kukupima imeshafanyika. Lakini kutokuwemo si sababu ya kunyimwa. Ukiambiwa "kama huna TASAF hatuwezi", umeambiwa jambo ambalo sera haikulisema.

Hapa kuna mtu wa kutetewa pia, naye ni yule afisa. Nilikuwa na hasira naye hadi nilipoelezwa fedha za msamaha zinatoka wapi. Fikiria duka la Mangi mtaani. Mangi anauza kwa mkopo, ana daftari. Siku moja anakuja mkubwa wa mtaa anamwambia, "Wazee na wajane wote wape unga bure." Mangi anaitikia, anaandika. Mwisho wa mwezi anamfuata mkubwa na daftari, mkubwa anampongeza kwa moyo wake mwema, halafu anaondoka. Unga wa mwezi ujao Mangi anaununua kwa nini? Hospitali ikisamehe, aghalabu hakuna anayekuja nyuma kuilipa lile deni. Linakatwa kwenye makusanyo yale yale yanayonunua glavu, uzi wa kushonea na dawa. Kila jina linalosamehewa linatoa kitu kwenye kabati. Afisa anajua, na mhasibu wa hospitali anamkumbusha. Ukali wa pale mezani, kwa sehemu kubwa, ni ukali wa kabati tupu.

Jambo hilo hilo linaeleza kwa nini hata wenye msamaha wa kundi wanarudi nyumbani wakilalamika. Mama mwenye mtoto wa miaka 3 hatozwi kumwona daktari, lakini dawa ikiwa haipo dirishani anaandikiwa karatasi akanunue nje. Msamaha unafuta deni la hospitali. Deni la duka la dawa haliujui.

Turudi kwa yule wa kwanza kijiweni, wa bima ya afya kwa wote. Ni kweli Bunge lilipitisha sheria hiyo Novemba 2023. Haikusema maskini watatibiwa bila kulipiwa na mtu. Ilisema kila mkazi awe na bima, na wasio na uwezo walipiwe na mfuko maalumu unaotunishwa kwa fedha za serikali na tozo za baadhi ya bidhaa na shughuli. Hapo ndipo lile daftari la Mangi linapopata mlipaji, na mimi naona ndiyo hatua kubwa kuliko kelele zote za bei. Kelele zenyewe zilianza 2022, muswada wa kwanza ulipotajwa pamoja na shilingi 340,000 kwa kaya ya watu 6 na 84,000 kwa mtu mmoja, na watu wakapiga hesabu ya mihogo.

Ila angalia swali limehamia wapi. Zamani tulikuwa tunauliza nani asamehewe bili, sasa tunauliza nani alipiwe kadi. Bado lazima mtu aamue nani hana uwezo. Tajiri atalipa, aliyeko kwenye orodha atalipiwa, katikati yao yupo mwenye bodaboda ya mkataba, ambaye dodoso linaona pikipiki na halioni mkataba. Unafuu ni kwamba anapimwa akiwa mzima, kwa kiasi kinachojulikana mapema, badala ya kupimwa mtoto akiwa kitandani na bili inapanda kila usiku.

Kwa aliyeko kitandani leo, nimejifunza mambo machache kwa gharama ya nauli nyingi. Nenda ustawi wa jamii siku ya kwanza au ya pili, usisubiri siku ya kuruhusiwa. Mapema unaomba utaratibu, mwishoni unaonekana unakimbia deni. Ikiwa ni dharura au uchungu wa uzazi, mgonjwa anapaswa kuhudumiwa kwanza na fedha zizungumzwe baadaye, kwa hiyo usimwache nyumbani kwa hofu ya bili. Beba karatasi inayojibu swali kabla halijaulizwa: mkataba wa pikipiki, mkataba wa chumba, daftari la vikoba linaloonyesha mkopo. Usiseme tu "sina". Sema naweza kiasi gani na lini, kwa sababu kati ya kusamehewa yote na kulipa yote kuna kupunguziwa na kulipa kwa awamu, na hayo mawili hutolewa kwa urahisi zaidi. Ukikataliwa, omba kwa heshima kuonana na mganga mfawidhi.

Jirani yangu alirudi siku ya tatu na nakala ya mkataba wa bodaboda, umekunjwa mara nne, wino wa sahihi umechujuka kwa mvua. Afisa alikuwa yule yule. Aliusoma wote, akauliza hesabu ni kiasi gani, akanyamaza. Bili ikapunguzwa 240,000, zilizobaki akapewa kulipa kidogo kidogo kwa barua ya mjumbe.

Juzi nilipita kununua mihogo ya 1,000. Akanitolea risiti kutoka kwenye kopo la chumvi: imebaki 120,000. Mtoto alikuwa amekaa juu ya ndoo anamenya, mkongojo ameuegemeza kwenye nguzo ya umeme.